Nilimpiga Picha Usingizini Ili Tupate Msaada wa Serikali

Assalaamu alaykum Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Pemba. Nina miaka 39 na watoto watatu. Mume wangu, ambaye sasa ana miaka 46, alianguka mkarafuu miaka minne iliyopita, msimu ukiwa umepamba moto. Alikuwa juu anavuta utanzu kwa kamba, utanzu ukakatika, naye akaja nao chini. Uti wa mgongo ukaumia. Tangu siku ile miguu haina habari, na mikono imebaki na nguvu kidogo tu. Kijiko anashika. Kitasa cha mlango hakiwezi.

Tunaishi nyumba ya wakwe zangu. Ni nyumba ya zamani, milango yake myembamba, na kiti cha magurudumu hakipiti chooni, kwa hiyo kila kitu kinafanyika kitandani. Ndiyo maana tukaamua kujenga. Kiwanja tulikuwa nacho, nje kidogo ya Chake Chake. Kwa mshahara wangu na mkono wa shemeji yangu aliyeko Uingereza, nyumba imefika kwenye linta. Hapo imesimama, na aliyeisimamisha ni mimi.

Usiku mmoja shemeji alitupigia simu ya video akiwa nyumbani kwa rafiki yake, ambaye naye anatumia kiti cha magurudumu. Yule bwana akasema neno, taa ikawaka. Akasema jengine, pazia likafunguka. Mlango wa mbele akaufungua kwa simu bila ya kuondoka alipo. Shemeji akatwambia yote yale yamelipiwa na serikali, na kwamba na sisi tuombe serikalini kabla hatujamaliza nyumba, maana ikishakwisha wataona hatuna shida. Kesho yake nikawaambia mafundi wapumzike. Huu ni mwezi wa tano tangu kazi isimame.

Shangazi, mimi nafundisha asubuhi, na binti yangu mkubwa wa kidato cha pili anaingia mkondo wa mchana. Asubuhi anakaa na babake, nikirudi mimi ndiyo anatoka mbio. Nikicheleweshwa na kikao au gari, kipindi cha mwanzo kimempita. Ripoti yake ya mwisho sikuweza kuimaliza kuisoma. Nikawaza, lau tungekuwa na taa na feni za kuamrishwa kwa sauti, mlango wa kufunguka jirani akibisha, na kamera ya kumtazama nikiwa chumba cha walimu, mtoto huyu angepumua.

Nikaanza kuzunguka. Ofisi moja nikaambiwa niandike barua, nyengine nikaambiwa fungu hilo halipo. Nikiwa natoka akanifuata mtu, si mfanyakazi wa pale, akasema anawajua wanaopitisha. Kwa shilingi 200,000 angenifungulia faili, mume wangu aingizwe kwenye Pensheni Jamii na nyumba ifungwe vifaa. Nikampa 100,000 kwanza. Akaniambia barua isiyo na picha haimgusi mtu, nipige picha inayoonesha hali halisi.

Nilimpiga picha mchana akiwa amelala. Shuka ilikuwa imeteremka, kidonda cha kulalia kinaonekana, na mpira wa mkojo pia. Sijaituma. Siku ya pili yake mdogo wetu alikuwa akimuonesha babake katuni kwenye simu yangu, kidole kikateleza, ikatokea ile picha.

Hakupiga kelele. Alisema, "Ungeniamsha." Basi. Jioni nilipomweleza mpango wote, wa serikali na wa vifaa, akasema, "Mnanifungia mitambo mpate kunikimbia," akageuza uso ukutani. Leo ni wiki tatu. Salamu anaitikia, chakula anakula, mazungumzo hakuna.

Nifanyeje? Niendelee kuutafuta msaada huu kwa faida yake ingawa hataki, au niache, nimalize nyumba iwe kama nyumba za watu wengine, na binti yangu aendelee kukimbia?

Mke wa Mchumaji, Chake Chake

*

Wa alaykumus salaam mwanangu,

Pole, na pole hiyo umfikishie na mwenyewe. Miaka minne ya kumgeuza mtu mzima kitandani, kwenda darasani, kurudi, na juu ya hayo ukapandisha ukuta hadi linta, ni kazi kubwa. Sidhani kama yupo aliyekaa nawe akakwambia hivyo.

Umeniuliza uendelee na maombi au uache. Mimi nimekwama kwenye swali la kabla ya hapo: vifaa hivi ni vya nani? Iangalie tena orodha yako. Taa na feni ni vyake yeye. Mlango ni wake na wa jirani. Kamera ni yako. Wala sikulaumu, mlezi naye ni mtu na moyo wake unataka utulivu akiwa kazini. Lakini wewe ulimweleza vyote kwa mkupuo mmoja, jioni ya siku aliyoiona ile picha. Huenda katika yote uliyosema alichosikia ni kamera peke yake.

Kuna jambo jengine hukuliandika. Usiku ule wa simu ya video umeniambia alichosema shemeji na ulichowaza wewe. Mumeo alisema nini? Alimtazamaje yule bwana aliyewasha taa kwa neno? Wewe ulikuwa pale, jaribu kukumbuka. Mtu anaweza kukitamani kitu na akakikataa siku ya pili kwa namna kilivyoletwa mbele yake.

Nitakueleza la kwangu. Kaka yangu wa tumbo moja alilala miaka sita baada ya kiharusi. Usiku joto likizidi, alikuwa hawezi kufika kwenye swichi ya feni, na alikuwa anaona haya kutuamsha. Tulikuja kujua kwa sababu foronya ya mto wake ilikuwa imeroa kila asubuhi. Alikuwa akikaa macho na jasho lake hadi adhana ya alfajiri, sisi tumelala chumba cha pili. Ndiyo maana siwezi kukwambia vifaa hivi ni anasa. Kwa mtu ambaye kila kitu anakiomba, kuwasha feni bila ya kumuomba mtu ni kitu kikubwa sana.

Sasa pesa za serikali. Alichokiona shemeji yako ni kweli, ila ana nusu ya habari. Kule England halmashauri hutoa ruzuku ya kurekebisha nyumba ya mtu mwenye ulemavu, na kikomo chake ni pauni 30,000. Haitolewi kwa kuwa mtu anajenga nyumba mpya au kwa kuwa anapenda vifaa janja. Huja mtaalamu akamtazama mtu mwenyewe anavyoingia chooni na anavyofika kitandani, ndipo huandikwa anachohitaji. Kwa mtu mzima, kipato cha nyumba nacho huangaliwa. Ni kweli pia kwamba kazi haitakiwi kuanza kabla ya maombi kupita, na nadhani ndiko lilikotoka lile neno la msimalize nyumba. Kanuni hiyo ni ya kule. Huku kwetu nyumba yako inakusubiri wewe tu, na ukuta usioezekwa unanyeshewa.

Kwetu, mfuko wa kumfungia mtu mmoja mmoja vifaa vya namna hii ndani ya nyumba yake usiutie kwenye hesabu ya ujenzi. Na Pensheni Jamii iliyoanza mwaka 2016 ni ya wazee wa miaka 70 na kuendelea. Mumeo ana 46. Aliyekuahidi kumuingiza humo ama haijui ama amekudanganya, na zile 100,000 nyengine zibaki mkobani mwako. Alhamdulillah picha hukuituma.

Hayo hayana maana kwamba milango yote imefungwa. Upo mmoja ambao hukuugusia hata kwa neno moja: alianguka akichuma karafuu. Mfuko wa Maendeleo ya Karafuu, ulio chini ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, umekuwa ukiwalipa fidia wachumaji walioanguka mikarafuu. Je, ajali iliripotiwa kwa sheha wakati ule? Mlidai? Huenda mlishalipwa, huenda mtaambiwa muda umepita, lakini kuuliza mkiwa na karatasi za hospitali mkononi hakuna gharama zaidi ya nauli. Pesa hiyo, ikipatikana, ni stahili ya kazi yake mwenyewe, na kwa mwanamme aliyezoea kulisha nyumba hilo linaweza kuwa na uzito kuliko ruzuku yoyote.

Lipo pia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, na Zanzibar ina sheria ya haki za watu hawa tangu 2006. Ukienda huko usianze kwa kusema unataka nyumba janja. Sema mume wangu hafiki chooni, hawezi kufungua mlango ukitokea moto, ana kidonda cha kulalia. Vifaa vitafuata baada ya shida, kama ambavyo hata Uingereza vinafuata. Na upo Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, ulioanzishwa 1985 na watu wenye ulemavu wenyewe. Hawa nawataja kwa sababu nyengine kabisa. Kwa ninavyoona, mtu pekee mwenye hali kama yake ambaye mumeo amewahi kumuona akiendesha nyumba yake ni yule bwana wa kwenye simu. Akija Mpemba mwenzake juu ya kiti cha magurudumu, wakakaa wawili bila ya wewe kuwepo, wanaweza kuzungumza mambo ambayo mimi na wewe hatuwezi kumwambia.

Hatari ya njia hizi nayo uijue. Zinakwenda polepole, na watu watakuja nyumbani kumtazama. Hilo haliwezekani bila ya yeye kukubali kuonekana. Kwa hiyo hata hapa tunarudi kwake.

Niseme na vifaa vyenyewe, kwa kuwa huenda shemeji akavituma kesho. Plagi zitaingia, soketi zetu ni za pini tatu bapa kama za kwao. Tatizo liko kwengine. Spika nyingi za kuamrishwa kwa sauti zimefunzwa Kiingereza, na mumeo hujaniambia kama anakizungumza. Itakuwa uchungu ulioje mtu kuwekewa kitu kitandani kwake kisha kisimuelewe anachosema! Ziulize kwanza zinasikia lugha gani, na mtandao ukikatika au bando likiisha kinabaki nini. Zipo taa na feni za rimoti ya kawaida zisizohitaji intaneti, na ipo kengele isiyo na waya inayoweza kufungwa kwa utepe kwenye ukingo wa kitanda, ikabonyezwa hata kwa kiganja. Huenda hizo peke yake zikamtosha kwa mwaka wa mwanzo, tena kwa pesa ambayo mshahara wako unaiweza.

Na umeme. Pemba tunapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010. Wenzetu wa Unguja, waya wao ulipoharibika, walikaa gizani kama miezi mitatu, kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010. Siku hizi hali ni nzuri zaidi, lakini kukatika hakujakwisha. Kama utafunga kufuli ya umeme, iwe inafunguka kwa mkono kutoka ndani bila ya nguvu nyingi, na iwe na betri yake. Mtu asiyeweza kutembea asifungiwe na mlango uliokufa umeme. Hili nalisema kwa mkazo.

Kamera nayo inanitia wasiwasi. Chumba chake ndimo anamogeuzwa, anamooshwa, anamobadilishiwa mpira. Picha za kamera hizi hupita kwenye mtandao hadi kwenye simu, na kama akaunti aliyeifungua ni shemeji, basi simu ya Uingereza nayo itaona. Sitara ya mtu haipungui kwa kuwa anauguzwa. Wapo wanaoweka kamera kwa ridhaa ya mgonjwa, ikitazama mlango wa nje tu, au yenye kifuniko ambacho mwenyewe anaweza kukifunika. Wapo wasioitaka kabisa na wakatosheka na simu iliyowekwa karibu ya mkono. Ni yeye wa kusema.

Kuhusu binti, nitakwambia ninaloliogopa. Mgonjwa wa kidonda cha kulalia anatakiwa ageuzwe kila saa mbili hivi. Taa haimgeuzi, spika haimgeuzi, na kamera itakuonesha tu kwamba hajageuzwa. Hata serikali ikikulipia kila kitu leo, kesho asubuhi atahitajika mtu mle ndani. Kwa hiyo skuli ya mtoto haiwezi kusubiri vifaa. Umewahi kuzungumza na mwalimu mkuu wako kuhusu ratiba, vipindi vyako visogezwe mwanzo wa asubuhi? Upande wa mume hakuna kijana wa kuja siku mbili tatu kwa wiki? Shemeji aliye tayari kununua spika pengine angekubali kutuma posho ya kijana huyo, ukimwelezea kama ulivyonieleza mimi habari ya ile ripoti. Lina ugumu wake, kumuingiza mtu wa nje kwenye faragha ya mumeo, na huyo mtu achaguliwe na mgonjwa mwenyewe. Lakini kuna kitu ningependa ukipime: mumeo ana haki kamili juu ya mwili wake na picha yake. Juu ya kipindi cha mwanzo cha mwanawe, nadhani ninyi nyote wawili mna la kujibu, na sina hakika kama anajua kwamba mtoto anakosa masomo. Umemwambia, au umemficha ili asijione mzigo?

Ama nyumba, hapa mwanangu umesimamisha yale yasiyohitaji ruzuku. Ukuta ukiwa kwenye linta ndiyo wakati wa kutazama upana wa milango. Uwazi wa sentimita 80 kiti kinapita, 90 ni raha zaidi, na kuvunja tofali mbili leo ni rahisi kuliko kuvunja plasta mwakani. Chooni kiti kinahitaji kama mita moja na nusu ili kigeuke. Mbele ya mlango, badala ya ngazi, mteremko: kwa kila sentimita moja ya kimo uwe na urefu wa sentimita 12. Kizingiti cha sentimita 30 kinataka mteremko wa mita tatu na sentimita 60, upimwe mapema kabla ya kuota bustani. Na fundi umeme apitishe paipu tupu za ziada hadi kitandani, mlangoni na kwenye feni. Vifaa vije mwaka huu au baada ya miaka mitano, njia yao itakuwa tayari.

Nimeiacha picha mwisho kwa kuwa ndiyo iliyokuleta kwangu. Ulipiga kwa dhiki, na mtu mwenye tamaa ya pesa ndiye aliyekufundisha kwamba mumeo ataonewa huruma akiwa uchi. Hilo linaeleweka, na bado limemuumiza. Lakini lirudie neno lake. Hakusema usinipige. Hakusema usiniombee. Alisema ungemuamsha. Mimi nalisikia kama neno la mtu anayetaka kuwepo. Nawe unamjua kuliko mimi, unaweza kulisikia vyengine. Ukimwendea, ningefikiri habari za serikali na za vifaa zikae kando siku hiyo. Umuombe radhi kwa lile moja, umpe simu aamue picha ifutwe au la, na ukimya wake uuvumilie. Huenda akakataa kila kitu, na utabaki na huzuni yako. Huenda akasema kama lazima picha ipigwe, basi avae kanzu na kofia, akae kwenye kiti. Yote mawili yanawezekana, na siwezi kukuchagulia lipi utalipata.

Hujaniandikia kama amewahi kufikishwa kiwanjani tangu msingi uchimbwe. Kama hajafika na akawa yuko radhi kutoka, kwa kidonda kile muulize kwanza daktari au muuguzi wake ataweza kukaa muda gani. Vijana wawili wa kumbeba hadi kwenye gari hawatakosekana, na kiti chake kipakiwe nyuma. Chukua na chaki moja ya darasani. Msogezeni kwenye ukuta wa chumba kitakachokuwa chake, anyooshe mkono hadi unapofika, na wewe hapo uweke alama ya swichi.